Upepo unatoka wapi? Nilivyorudi kuchora baada ya miaka 19

Ng'ombe ndio alinirudisha. Mtaani kwetu hapa Tanga kuna dada ana chekechea ndogo, watoto kama 30 hivi, alikuwa anatafuta mtu wa kumchorea wanyama na herufi ukutani, na mke wangu bila hata kuniuliza akamwambia baba watoto alikuwa mchoraji wa magazeti huko Dar, ongea nae. Akaja jioni, "Kaka, hela ya fundi sina ila rangi ninayo, nisaidie." Nikakubali palepale. Kichwani nilikuwa najua kabisa kitu ulichokifanya kila siku kwa miaka sita hakipotei, si watu wanasema ni kama baiskeli, ukishajua umejua.

Jumamosi nikaenda na chaki. Kichwa kikatoka, mgongo ukatoka, miguu ya mbele nayo ikaja, nikafika miguu ya nyuma nikakwama. Nachora nafuta, nachora nafuta, ukuta mzima vumbi la chaki na mguu bado umesimama wima kama wa meza. Nilikaa pale saa nzima. Mtoto mmoja wa miaka minne au mitano akasimama pembeni yangu akaangalia muda mrefu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Anko, anaumwa mguu?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia yule dada naomba wiki mbili, nikaondoka na chaki zangu.

Nieleze kidogo nilikotoka. Nilianza kulipwa kwa kuchora mwaka 1999, Dar es Salaam, nikiwa na miaka 18, enzi hizo meza za wauza magazeti zimejaa magazeti ya katuni na hadithi za picha na kijana mwenye mkono mwepesi alikuwa hakosi kibarua. Tulikuwa tunachora kwa wino mweusi kwenye karatasi kubwa kuliko ukurasa wenyewe, ili picha ikipunguzwa makosa madogo yajifiche, na ulijifunza haraka kwamba mstari mwembamba sana ukifika kwenye karatasi ya gazeti unapotea, na vistari vya kivuli ukivibananisha sana wino unasambaa vinakuwa doa moja jeusi. Kalamu ya Rotring, ile ya wino yenye ncha kama sindano, ilikuwa mali, ukimuazima mtu usiku hulali. Mwaka 2005 gazeti nililokuwa nachorea likafa, wakiwa wanadaiwa na mimi kurasa za miezi kadhaa, sikulipwa mpaka leo. Nikarudi Tanga nikafungua duka la vipuri vya baiskeli, na zile kalamu nikazifunga kwenye mfuko nikaweka juu ya kabati. Sikuacha kuchora kwa sababu ya kukosa muda, niliacha kwa hasira, na nadhani ndio maana miaka 19 ilipita hata sikuihesabu. Hasira inakula miaka kimyakimya.

Basi siku ile ya ng'ombe nikaushusha mfuko. Wino ulikuwa umekauka ndani ya zile kalamu umekuwa jiwe, nikaziloweka maji ya uvuguvugu usiku kucha, moja ikafunguka, moja sindano yake ikakatika. Chini ya mfuko nikakuta michoro yangu ya zamani. Nilikuwa naiogopa, nikidhani itanionyesha jinsi nilivyokuwa mzuri na sasa nimeisha. Nilichokiona ni kitu kingine. Niliangalia kurasa kama 20 nikagundua kwamba nilikuwa na uso mmoja. Ukiutia ndevu ni baba, ukiutia kilemba ni mama, ukiutia kofia ni polisi. Mikono mingi iko mfukoni au nyuma ya mgongo. Miti yote ni mti mmoja. Ng'ombe nilimkuta mara mbili, mara zote yuko nyuma ya majani marefu, miguu haionekani!

Yani kumbe sikuwahi kujua mguu wa ng'ombe. Siku zile nilikuwa na mzigo wa vitu nilivyovikariri kutoka kwa wachoraji walionitangulia, nikivitoa haraka haraka kwa sababu ukurasa ulikuwa unatakiwa kesho asubuhi. Miaka 19 ilikuwa imefuta ule ukariri, na chini yake hapakuwa na kitu. Nilihuzunika siku mbili tatu, alafu ikanijia kwamba kama sikuwahi kuwa nacho basi pia sijakipoteza, naweza kuanza kukitafuta sasa.

Nikanunua rimu moja ya karatasi za A4 na penseli, HB mbili na 2B mbili, basi. Nikajipangia nusu saa alfajiri kabla ya kufungua duka. Wiki ya kwanza sikuchora kitu chochote chenye jina, ni mistari mirefu, duara, yai, duara, yai, kwa sababu niligundua nilikuwa nazungusha kiganja tu kama naandika risiti. Miaka yote ile mkono wangu ulikuwa unaandika risiti na daftari la madeni, ukazoea mwendo mdogo. Mstari mrefu unatoka kwenye kiwiko na bega. Ukiwa unaanza upya jaribu kuchora mstari wa urefu wa karatasi nzima bila kiganja kugusa, utaona unavyotetemeka, alafu siku ya kumi hivi unaanza kutulia wenyewe.

Kitu kingine ambacho sikukitegemea ni macho. Nilikuwa nashangaa mbona nachora kitu, nakiona kiko sawa, kesho yake nakikuta kimepinda. Nikaanza kujilaumu mkono. Siku moja mke wangu akaniambia mbona unaishika karatasi mbali hivyo kama mtu anayesoma barua ya mkwewe, nenda kapime macho. Nikapima, nikapewa miwani ya kusomea, +1.50, kitu cha kawaida kabisa kwa mtu aliyevuka 40, jicho linapoteza uwezo wa kujivuta kuona karibu. Sasa shida ya mchoraji ni kwamba anaangalia mbali na karibu kila baada ya sekunde mbili, ukivaa miwani karatasi inaonekana vizuri na ng'ombe anakuwa ukungu. Dawa niliyoipata ni kuishusha kwenye ncha ya pua, naangalia kitu kwa juu yake na karatasi kwa ndani yake. Nalisema hili kwa sababu najua kuna watu wa umri wangu walijaribu kurudi wakakata tamaa wakasema kipaji kimekwisha, na shida ilikuwa ni miwani.

Ng'ombe nilikwenda kumtafuta mwenyewe. Tanga ni mji wa maziwa, huku pembeni za mji watu wengi wanafuga ng'ombe wa ndani, jirani yangu mmoja anao wawili. Nikaomba, nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa mbele ya banda. Nikakaa asubuhi ya kwanza bila kuchora, naangalia tu wanavyohamisha uzito. Na hapo ndipo nikaelewa: lile tunaloliona kama goti la nyuma, linalochomoza kwenda nyuma, sio goti, ni kisigino. Goti lake halisi liko juu, karibu na tumbo, limejificha kwenye nyama. Yani ng'ombe anatembea kwa ncha za vidole, kwato ndio kucha zake. Ukishalijua hilo ule mguu unaujenga kama mguu wa mtu aliyesimama kwa vidole, paja, goti, muundi, kisigino, alafu wayo mrefu unashuka chini. Nikachora miguu ya nyuma kama 40, jirani akawa ananiuliza kila nikifika, "Leo wangapi?" Wiki mbili zilipoisha nikarudi chekechea nikamsimamisha ng'ombe wangu ukutani kwa miguu minne. Yuko pale mpaka leo. Sio mzuri sana lakini amesimama.

Ningeweza kuishia hapo, ila nilikuwa nimeshaonja.

Kilichofuata ni watu. Kuna kijiwe cha kahawa Ngamiani, wazee wanakaa kuanzia saa kumi jioni, kahawa na kashata, bao pembeni. Nikaanza kwenda na daftari dogo. Siku ya kwanza nilijificha, nikawa nachora kwa wizi, mzee mmoja akaniona, "Kijana, unaandika majina yetu wewe?" Nikamsalimia shikamoo, nikamuonyesha. Akaangalia, akawapitishia wenzake, wakacheka, mmoja akasema pua sio yangu hiyo, na tangu siku ile sikuhitaji kujificha. Ombeni ruhusa jamani. Ni adabu, na pia mkono ukiwa unajificha unachora kwa woga na woga unaonekana kwenye mstari.

Wazee wa bao hawatulii. Mtu anainama, anacheka, anampiga mwenzie bega, una sekunde 20 tu. Mwanzoni nilikuwa naanzia jicho, namaliza jicho, mtu kashageuka. Sasa hivi naanza na mgongo, mstari mmoja tu toka shingoni mpaka kiunoni, alafu nauliza uzito uko wapi, kwenye tako gani, kwenye kiwiko gani. Uso unakuja mwisho na mara nyingi hauji kabisa. Ukurasa mzima wa migongo, na kila mgongo wazee wananitajia ni wa nani.

Na kuhusu ngozi, hili lina uzito kwangu. Mafunzo mengi niliyoyakuta YouTube yanafundisha kivuli kwa ngozi nyeupe: karatasi inabaki nyeupe ndio mwanga, unapaka kidogo ndio kivuli. Nikiwachora wazee wangu hivyo wanatoka wazungu au wanatoka wamepakwa masizi. Ikabidi nijifundishe kwa kufumba macho nusu na kuangalia. Ngozi yetu nyeusi inang'aa zaidi ya nilivyodhani, mwanga wa jioni unakaa kwenye paji la uso, kwenye mfupa wa shavu na kwenye ncha ya pua kama umemwagwa, na kingo zake ni kali, na upande wa kivuli sio mweusi tupu, kuna mwanga unarudi kutoka kwenye kanzu nyeupe ukaingia chini ya kidevu. Kwa hiyo sasa naanza na kijivu cha kati usoni kote, alafu naongeza giza, na mwanga nautoa kwa ncha ya kifutio. Siku nilipompata mzee mmoja sawasawa, mwanawe aliomba ile karatasi akaenda kuiweka fremu. Miaka yote ya nyuma sikuwahi kuona kitu changu kwenye fremu.

Sasa nifike kwenye ngalawa. Nilikuwa nimepata kiburi kidogo, nikaenda Deep Sea wanaposhushia samaki, nikakaa nikachora ngalawa ikiwa na tanga juu, bahari nyuma. Nikaitia kila kitu, mlingoti, foromali, yani ule mti unaobeba tanga, na matengo pande mbili, yale magogo ya pembeni yanayozuia chombo kisipinduke, nikaona leo nimeweza. Mvuvi mmoja mtu mzima anashona wavu pembeni, nikamuonyesha nikitegemea sifa. Akaishika karatasi kwa vidole viwili, mikono yake ina maji, akaniuliza, "Mwanangu, upepo unatoka wapi hapa?"

Sikuelewa swali. Akanieleza taratibu. Tanga umelijaza kwenda kushoto, kwa hiyo upepo unatoka kulia. Lakini hili tengo la kulia umelizamisha na la kushoto umeliinua, chombo kinaegemea kule upepo unakotoka, hakuna chombo cha hivyo. Mawimbi umeyachora yanakuja kutoka kushoto. Na huyu mtu wako wa nyuma kamba ya tanga hajaishika, kashika hewa. "Huyu anazama," akasema, sio kwa kunikejeli, alikuwa anamuhurumia yule mtu wa kwenye karatasi.

Nilirudi kwake kama mara sita. Akinifundisha ananiuliza ni kaskazi au kusi, maana miezi ya kaskazi upepo unakuja toka kaskazini mashariki na miezi ya kusi unatoka kusini, na chombo kinachotoka hapa kwenda nje ya ghuba hakikai sawa katika miezi hiyo miwili. Foromali ncha yake ya mbele inashuka karibu na omo, yani mbele ya chombo, na ya nyuma inapanda juu angani, ule mshazari ndio unaofanya ngalawa ionekane ngalawa hata ukiwa mbali, na mimi nilikuwa nimeilaza kama kamba ya kuanikia nguo. Nilichora upya. Mara ya sita akaiangalia kimya, akanirudishia, akasema hii inafika.

Lile swali limebaki na mimi. Nikichora chochote sasa najiuliza upepo unatoka wapi. Mama anatembea barabarani amevaa kanga, kanga inavutwa na nini, goti lipi liko mbele, maana lile goti ndio linaloibana kanga na mikunjo yote inaanzia pale na kwenye kiuno ilipofungwa. Zamani nilikuwa nachora maua ya kanga yamenyooka kama karatasi ya ukutani, sasa najua ua likifika kwenye mkunjo linakatika nusu, nusu nyingine imo ndani ya mkunjo, na pindo la chini ndio linalokuambia mwili unageukia wapi.

Kuna wakati katikati nilichukua kazi mapema, nilikosea. Mtu alikuwa na hadithi ya watoto anataka picha 12, bei ikawa nzuri, nikaona mambo si hayo yamerudi. Nikachora picha ya kwanza mpaka mwisho, nikaipenda, nikaenda ya pili. Nikifika ya saba naziweka mezani pamoja, mtoto wa ukurasa wa kwanza ana miaka sita, wa ukurasa wa nne ana miaka kumi, wa ukurasa wa saba ana nywele nyingine kabisa. Na picha mbili zilizokuwa zinachukua kurasa zote mbili nilikuwa nimeweka uso wa bibi katikati kabisa, pale kitabu kinapokunjwa, uso unamezwa na mkunjo. Nilimpigia yule bwana nikamwomba muda, akakubali kwa shingo upande, nikaanza upya. Safari hii kwanza nilimchora yule mtoto peke yake kwenye karatasi moja, mbele, ubavuni, nyuma, anakimbia, amekaa, nikahesabu kichwa chake kinaingia mara ngapi kwenye urefu wake, ikawa mara tano na nusu, nikaibandika ukutani. Alafu kitabu chote nikakichora kwenye karatasi moja kwa vipicha vidogo vya ukubwa wa stempu, nikaona kabisa kurasa nne mfululizo watu wanaangalia kulia, nikawageuza baadhi. Hiyo kazi ya stempu ilinichukua jioni mbili na iliokoa mwezi. Wakati wa gazeti hatukuwahi kuifanya, ukurasa ulikuwa ukurasa, wa kesho utajijua.

Wapo wanaoniambia nimechelewa. Nilikuwa na miaka 43 nilipoanza tena, naelewa wanachosema. Edward Saidi Tingatinga, kabla jina lake halijawa jina la staili nzima ya uchoraji, aliwahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huku huku Tanga. Alianza kuchora mwaka 1968 akiwa na miaka 36, kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na 1972 akafariki. Miaka minne tu. Makopo ya rangi za aina hiyo ninayo dukani kwangu, yako rafu ya chini, na kila nikimuuzia mtu namkumbuka.

Saivi niko kwenye baiskeli. Unaweza kudhani mtu mwenye duka la vipuri, anayeijua spoku kwa kuigusa gizani, baiskeli itamtoka kama maji. Haitoki. Gurudumu likikaa upande linakuwa yai, na magurudumu mawili ya baiskeli moja ni mayai mawili tofauti kwa sababu la mbele limekatwa kona kidogo, na fremu inaungana na fimbo ya kanyagio mahali ambapo kila mtu akichora kwa kukumbuka anapakosea, nami nilipakosea. Nimeharibu kurasa 15. Jana yule mzee aliyesema pua sio yake alikuja kijiweni na Phoenix yake nyeusi ya zamani, keria ya nyuma imefungwa kikapu, akaiegemeza ukutani mbele yangu pale jua linapopiga. "Haya ichore," akasema, "ila magharibi naondoka nayo, nina ugeni nyumbani." Nikashusha miwani kwenye pua nikaanza na kivuli chake ukutani, maana kilikuwa kimekaa vizuri kuliko baiskeli yenyewe.